Kitundu cha Juu

Bani la tumbaku lina matundu ya hewa chini na juu, na mtu asiyejua kuyatumia anaweza kupoteza msimu mzima kwa usiku mmoja. Siku za mwanzo, majani yakiwa mabichi, matundu hufungwa. Joto huwekwa kati ya nyuzi 35 na 40 za Selsiasi, unyevu ukabaki ndani, na jani likageuka manjano taratibu. Likishageuka, moto unaongezwa na matundu yanafunguliwa, ya chini na ya juu, ili unyevu utoke kabla jani halijawa jeusi. Mwisho, wakati wa kukausha uti wa jani, joto linapanda hadi karibu nyuzi 70 na matundu yanafungwa tena, kuni zisiteketee bure. Kazi yote huchukua kama wiki moja, na katika wiki hiyo kuna mtu ambaye halali.

Kwa miaka zaidi ya ishirini mtu huyo alikuwa Bibi yangu. Alilima tumbaku ya mvuke Urambo pamoja na Babu, na Babu alipofariki akahamia Chemchem, mjini Tabora, kwenye nyumba yenye jiko la uani lililokuwa na dirisha dogo kama la kuuzia vocha. Alipikia kuni hapo mpaka kifua kilipoanza kupiga filimbi. Daktari alisema mapafu yamechakaa kwa moshi. Bibi alimuuliza ni moshi upi, wa bani au wa jikoni, kwa sababu moshi wa bani unapita kwenye bomba na kutoka nje, yeye mwenyewe alikuwa akiuangalia. Daktari akasema basi ni wa jikoni. Bibi hakuridhika na jibu hilo, lakini alilipokea.

Oktoba 2016 alizidiwa. Wodini alikuwa akipumua kwa msaada wa oksijeni, lita mbili kwa dakika, na uamuzi ukawa kwamba apelekwe hospitali ya rufaa Mwanza. Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini. Mtungi wa oksijeni wa kubeba ulikuwa wa lita 340. Gawanya kwa mbili unapata dakika 170, hazifiki saa tatu. Kwa barabara, kupitia Nzega na Shinyanga, Mwanza ni zaidi ya saa sita ukihesabu vituo. Mjomba ndiye aliyesikia kwamba kuna ndege ndogo iliyoleta wataalamu wa mradi wa maji na inarudi Mwanza tupu. Akazungumza na rubani, ukoo ukachanga pesa ya mafuta, na mimi, niliyekuwa nimekuja likizo kutoka chuoni Dodoma, nikateuliwa kuwa msindikizaji kwa sababu ndiye mwepesi kuliko wote. Kwenye ndege ya viti sita hilo ni jambo la maana.

Tulikubaliana kuondoka saa moja asubuhi. Nilikuwa uwanjani saa kumi na mbili na nusu, nikiwa na chupa za maji yaliyogandishwa na khanga mbili. Bibi alibaki wodini kwenye oksijeni ya hospitali mpaka barua ya rufaa isainiwe, kwa maana mtungi ule haukupaswa kufunguliwa dakika moja kabla ya wakati. Barua ilihitaji saini ya mtu mmoja. Mtu huyo alipatikana saa sita mchana.

Kwa hiyo nilikaa saa sita chini ya bawa na rubani, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini ambaye kila mtu uwanjani alimwita Kapteni. Sikujua kitu kuhusu ndege. Yeye alijua, na nadhani aliona kwamba kunieleza kulinisaidia nisiitazame simu.

Ndege ilikuwa Cessna 206. Haikuwa na kiyoyozi, wala feni. Hewa iliingia kwa vitundu vilivyo kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, karibu na mwili wa ndege, ikapita kwenye mirija na kutokea juu ya vichwa vya abiria, kwenye vidude vya duara ambavyo unavizungusha kufungua na kufunga. Kinachoisukuma ni mwendo wa ndege yenyewe. Ikisimama, hakuna kinachoingia ila kile ambacho pangaboi la mbele linakivuruga. "Humu hewa haiji, mwanangu," alisema. "Tunaifuata." Ya joto nayo ilikuwepo, kwa safari za baridi, na ilipatikana kwa kupitisha hewa kuzunguka bomba la moshi la injini. Bomba likipasuka, moshi unaingia ndani pamoja na joto, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ndiyo maana mbele yake alikuwa amebandika kadi yenye doa ambalo hubadilika rangi likikutana na gesi hiyo. Niliitazama kadi ile nikafikiria dirisha la vocha.

Alikuwa ameigeuza ndege ielekeze pua kwenye upepo na kuacha milango wazi. Vioo vya mbele alivifunika kwa karatasi za kung'aa kama za kufungia chakula, na vyuma vya mikanda akavifunika kwa taulo, maana chuma kilichokaa juani Tabora mwezi wa Oktoba huacha alama kwenye ngozi. Asubuhi ilianza na nyuzi kama 20. Saa nne kivuli cha bawa kilikuwa kimeshasogea na sisi tukasogea nacho. Saa sita tulikuwa kwenye 33.

Ndipo akanieleza kwa nini alitaka saa moja. Kadiri unavyopanda juu, hewa inapoa, na mchana wa jua kali inapoa haraka zaidi. Lakini pia inakuwa nyembamba. Ukichukua hewa ya pwani kuwa mia kwa mia, Tabora, iliyo kama mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, una 87. Kwenye futi 7,500 una 76. Kwenye futi 9,500 unabaki na 70. Ndege kubwa zinafungwa na kujazwa hewa, lakini hii ilikuwa wazi kwa dunia kama baiskeli. Kuelekea kaskazini alikuwa na ngazi tatu za kuchagua, futi 5,500, 7,500 na 9,500. Alfajiri angepita kwenye 5,500, chini, ambako pumzi ni karibu sawa na ya nyumbani, na hewa ingekuwa baridi na tulivu kama maji ya mtungini. Mchana kule chini ni joto na msukosuko, kwa sababu ardhi inachemsha hewa na kuirusha juu kwa mabonge. Ubaridi uko juu. Pumzi iko chini.

"Sasa itabidi tuchague," alisema, na akaangalia saa yake.

Shuleni tulipelekwa Kwihara kuliona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, na kitu pekee nilichokumbuka ni jinsi mle ndani kulivyokuwa na ubaridi. Kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, ua katikati. Mwalimu alitusomesha tarehe: Burton na Speke waliingia Kazeh, ambayo ni sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Hakutuambia kuhusu saa. Nilikuja kusoma mwenyewe baadaye kwamba msafara uliamka kabla ya jua, kirangozi akatangulia, wapagazi wakafuata na mizigo ya karibu frasila mbili, kilo thelathini na kitu, na jua lilipopanda sawasawa siku ya kazi ilikuwa imekwisha. Mahali pasipo na maji, kama kule Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyanyembe, walifanya safari ya alasiri iliyoitwa tirikeza: wakaondoka jua likianza kuregea, wakalala bila maji, wakayafikia asubuhi. Wanyamwezi waliokuwa wakitembea hivyo mwaka baada ya mwaka hawakuwa na kipimajoto. Kampuni ya Cessna ina ndege ndogo iliyoipa jina la Caravan, yaani Msafara, inayoonekana sana kwenye viwanja vyetu, na marubani wake nao wanapenda kuondoka alfajiri.

Tabora ina kisa chake cha ndege pia. Februari 1920 ilifika hapa Vickers Vimy Commercial, ndege ya injini mbili iliyokuwa ikijaribu kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa ufadhili wa gazeti la The Times. Marubani walikuwa Cockerell na Broome, na miongoni mwa abiria alikuwemo mtaalamu wa wanyama, Peter Chalmers Mitchell. Injini zilipozwa kwa maji. Tarehe 27 Februari ikaanguka hapa hapa na safari ikaishia hapo. Watu walipona. Siku chache baadaye, Machi 6, ndege nyingine kwenye njia hiyo, ya Van Ryneveld na Brand, nayo ilianguka Bulawayo muda mfupi baada ya kuruka, mji ulio juu kuliko Tabora. Bawa hushika hewa, na hewa ya moto ya nyanda za juu haina cha kushika. Kapteni alinipigia hesabu hiyo kwa kalamu mgongoni mwa karatasi: kwa joto la mchana ule, ndege yetu ingejisikia kama inarukia uwanja ulio zaidi ya mita 2,000. Ndiyo maana alipunguza mafuta na kubakiza ya kutosha na akiba yake, na ndiyo maana aliuliza kilo zangu bila kuona haya.

Bibi aliletwa saa sita na nusu. Hakuweza kulala chali, kwa hiyo aliketishwa kwenye kiti, mito mgongoni, muuguzi pembeni yake na mtungi katikati ya miguu yao. Kapteni alimwamkia, "Shikamoo Bibi," na Bibi akaitikia "Marahaba" kwa vipande viwili, mara, kisha haba. Nilimfunga khanga mbichi shingoni. Oktoba ya Tabora ni kavu, hewa inakunywa maji upesi na maji yakiondoka yanaondoka na joto. Dar es Salaam ujanja huo hausaidii sana, hewa ya pwani imeshiba tayari. Chupa za maji zilikuwa zimeyeyuka nusu. Moja tukaiweka kwapani mwake, nyingine chini ya nyayo. Kipima oksijeni kidoleni kilisoma 92.

Mlango haukufungwa mpaka kila kitu kingine kilipokuwa tayari. Kapteni alitoa karatasi za vioo mwisho kabisa, akawasha, na wakati tunaelekea njia ya kurukia alishikilia dirisha lake wazi kwa kiwiko. Zile dakika nne au tano sitazieleza sana. Jasho liliingia machoni. Tulikimbia kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani ndege inapaswa kukimbia, kisha miembe ikaanza kuwa midogo.

Vitundu vya juu vikaanza kupuliza. Hewa ilikuwa ya moto lakini ilikuwa inatembea, na ile peke yake ilibadilisha uso wa Bibi. Nilidhani tutapanda kwa haraka kuutafuta ubaridi. Badala yake Kapteni aliinamisha pua kidogo na kupanda polepole, akanionyesha kipimo cha joto la injini. Injini ile nayo hupozwa kwa upepo. Ukipanda kwa kuinua pua sana, mwendo unapungua, upepo unapungua, na vichwa vya silinda vinaungua. Alikuwa amefungua vifuniko vya chini ya injini ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Kwa hiyo tulikuwa na wagonjwa wawili wa joto, mmoja akiwa ndiye anayetubeba.

Kwenye 5,500 ilikuwa kama barabara ya Urambo ya zamani. Miyombo chini yetu ilikuwa na majani mapya mekundu, na kila tulipopita juu ya shamba lililochomwa ndege iliruka. Bibi alitapika kwenye mfuko. Muuguzi hakuwa na vifaa vya kusikilizia, kwa hiyo alinionyesha namba kwa vidole: nane, nane. Kapteni alisema tujaribu juu.

Kwenye 9,500 niliona raha ambayo bado inanisuta. Kipimajoto cha nje kilisoma 19. Jasho lilikauka, nikavuta hewa na kuiachia kama mtu aliyetoka kuoga. Bibi alifumba macho. Muuguzi akainua vidole: nane, nne. Akaongeza oksijeni hadi lita tatu. Nane, sita. Kichwani nilikuwa nagawanya 340 kwa tatu, kisha natoa dakika zilizokwisha kutumika, kisha narudia kwa sababu sikuliamini jibu. Mtungi ungetosha, lakini bila ziada ya kuzunguka uwanjani Mwanza tukisubiri ndege kubwa itue. Kapteni hakuuliza kitu. Alizungumza na watu wa redio, na tukashuka hadi 7,500.

Hapo tulikaa, mahali ambapo hapakuwa na baridi ya kutosha wala pumzi ya kutosha. Nyuzi 25. Msukosuko ulikuwepo, na ili ndege isipigwe sana Kapteni alipunguza mwendo, na alipopunguza mwendo vitundu navyo vikapuliza kwa unyonge. Kila kitu ndani ya ndege ile kilikuwa kimefungwa kamba na kingine. Nyuma joto likaanza kusimama. Nilimwona Bibi akiangalia juu, akikifuata kwa macho kile kidude cha duara, halafu ukuta wa pembeni, halafu mlango mkubwa wa nyuma, halafu sakafu. Nilidhani anachanganyikiwa, walituambia mgonjwa aliyepungukiwa oksijeni anaweza kuchanganyikiwa. Akaomba vifaa vya masikioni kwa kunyoosha mkono. Muuguzi akamvisha.

"Ya kutokea," alisema. Akapumua. "Iko wapi?"

Kapteni aligeuza kichwa nusu. "Samahani, Bibi?"

"Inaingia. Inatokea wapi?"

Kwa muda kidogo hakuna aliyejibu. Kisha Kapteni akasema inatokea kwenye nyufa za milango, Bibi, hapa na pale. Bibi akatikisa kichwa kama alivyokuwa akiwatikisia vibarua waliosahau kufungua juu. Dirisha la rubani kwenye ndege ile linaruhusiwa kufunguliwa angani. Kapteni alivuta kishikio na kuliachia lijiinue upana wa vidole viwili. Kelele ikajaa, karatasi yenye hesabu ikapaa ikatoka nje juu ya nchi ya katikati ya Nzega na Kahama, na hewa yote ya nyuma ikaanza kutembea kwenda mbele. Niliisikia shingoni mwangu ikipita, ikiwa na harufu ya Vicks na matapishi. Upepo unaopita kasi nje ya dirisha huinyonya hewa ya ndani; nililisoma hilo baadaye. Pale niliona tu ncha ya khanga ya Bibi ikipepea. Muuguzi akainua vidole, nane, tisa, akaacha mkono juu kidogo kama mtu anayenadi.

Tulisafiri hivyo dakika arobaini. Miyombo ikaisha, yakaja majaruba makavu ya Usukumani na malambo yenye maji ya rangi ya chai, kisha miamba, kisha ziwa. Tuliposhuka joto lilirudi ngazi kwa ngazi. Hatukuzungushwa. Mtungi ulikuwa na sindano karibu na alama nyekundu, na Kapteni alifungua milango yote kabla pangaboi halijasimama vizuri, jambo ambalo nadhani si la kawaida yake.

Bibi alikaa wodini siku kumi na moja, kisha akakaa kwa shangazi Nyakato mpaka mvua zilipoanza. Mjomba alipiga simu kutoka Chemchem kusema amebomoa tofali tatu jikoni, juu karibu na paa, kwa maelekezo ya daktari. Bibi alimuuliza upande gani. Mjomba akasema upande wa mashariki, ndipo ukuta ulipo laini. Bibi akamwambia upepo wa Tabora unatoka huko huko, kwa hiyo ametengeneza mlango wa kuingilia, sasa atafute wa kutokea.

Januari tulirudi kwa basi. Hakutaka kusikia habari za ndege, ingawa alimsifu Kapteni kwa kila mtu aliyekuja kumjulia hali. Alitaka basi la saa kumi na mbili asubuhi na si jingine, na alitaka viti vya kulia, kwa sababu kwenda kusini jua la asubuhi linapiga kushoto. Alikaa dirishani. Baada ya Nzega yakaanza manyunyu, na kijana wa kiti cha nyuma akaomba kwa heshima, "Bibi, naomba ufunge kidogo, nalowa." Bibi akavua khanga ya mabegani, akampa ajifunike, na dirisha akaliacha.